Karanga za Kindi

Wanyama walipoanza kupenda vya bure, Kindi alimgawia karanga kila aliyemwambia analala wapi na ana watoto wangapi.

"Chini ya mkwaju, wanane," alisema Kanga. "Lakini wataka kujua ya nini?"

"Nisikusahau, mama."

Asubuhi Chatu akafika mkwajuni, akaulizia vifaranga wote wanane. Kobe, mpita njia, akaziba mlango wa kiota kwa gamba lake mpaka Chatu akachoka, akaondoka.

Kanga akamwendea Kindi. "Ulimwambia Chatu?"

"Kwani karanga ulizokula zimetoka shamba la nani, mama, kama si la Chatu?"

Kanga akarudi mkwajuni asijue amkasirikie vipi, maana Kindi alikuwa na adabu sana. Akamwambia Kobe, "Wewe hukuuliza hata wako wangapi."

"Ya nini? Mlango ulikuwa mmoja."