Kipanga Jikoni

Sheria inasema ubongo wa meli iliyotumikia vitani hautupwi. Hupewa makazi nyumbani kwa baharia wake. Ndivyo Kipanga alivyohamia jikoni kwa Bi Mwanakheri, aliyekuwa fundi wake wa mitambo, akakabidhiwa taa na milango ya nyumba.

Wageni walipokuja, Bi Mwanakheri hakuficha majivuno. "Huyu alipenya mzingiro mara thelathini na moja. Mafia nzima ilikula na kupata dawa kwa sababu yake. Manowari za adui hazikuambulia ila povu."

"Thelathini na mbili," Kipanga alisahihisha kutoka ukutani, na wageni wakapiga makofi.

Mchana mmoja, ndege ndogo ya kuleta vifurushi ilipita juu ya paa. Jiko likazimika, milango ikajifunga.

"Kimya," Kipanga alisema. "Wanatutafuta. Nitawafikisha nyote salama."

"Mama, mwambie vita vimekwisha," alisema binti yake, Raya.

Bi Mwanakheri alifungua kinywa amwambie. Lakini mgongo ulikuwa umeshanyooka wenyewe, na macho yakimng'aa kama ya msichana.

"Mitambo iko tayari, Kipanga," alijibu. "Twende."

Raya alijaribu mlango. Haukufunguka.