Kesho, Mama

Hodi ilipopigwa asubuhi ile, Nyamizi alidhani ni mteja wa nguo. Kumbe ni mhudumu wa chanjo, binti asiyemfahamu, akiwa na kisanduku cha barafu begani.

"Shikamoo, mama. Mtaa mzima umebaki wewe tu. Shule iliyofungwa kwa ugonjwa haifunguliwi mpaka uchanjwe."

"Marahaba. Nilijua mtakuja."

Miaka hiyo kampeni ya chanjo ilimpigia kila mtu simu kwa mashine iliyoiga sauti ya mtu ambaye yeye alizoea kumtii, awe hai au marehemu. Mtu akishachanjwa, sauti hiyo ilinyamaza moja kwa moja. Nyamizi alipigiwa na mama yake, aliyefariki zamani. Kila asubuhi mama aliuliza kwanza, "Umekula?" ndipo akataja sindano. Naye Nyamizi, aliyeishi peke yake na cherehani yake, alijibu, "Kesho, mama." Jana yake aliongeza, "Kesho kweli, nakuahidi."

"Mimi alinipigia babu," binti alisema taratibu. "Nilimzungusha mpaka bosi akanifokea."

Wakacheka kidogo. Simu ikaita.

"Nyamizi, umekula?"

"Nimekula, mama." Akapandisha mkono wa gauni, akamwitikia binti kwa kichwa. "Na sindano nachomwa sasa hivi."

"Haya, mwanangu. Nimefurahi."

Simu ikakatika.

Kesho yake kengele ya shule ililia. Nyamizi alikaa mbele ya kikombe cha chai, simu ikiwa kimya mezani.

"Nimekula, mama," akasema, ingawa chai ilikuwa haijaguswa.