Ukuta Unaosikia Dua

Kwetu dua haipotei. Ukuta wa sebuleni huisikia, na asubuhi watu wa mtaa huleta ulichoomba. Mama aliomba sufuria, akaletewa pamoja na mfuniko. Hakuna anayelala njaa hapa, tena tumenenepa. Bibi husema zamani dua ilichelewa mpaka mtu akasahau aliomba nini.

Mimi tu sikuwahi kuomba. Naona haya.

"Siwema, omba hata mchumba!" bibi alinitania. "Au nikuombee mimi?"

"Bibi, acha bwana!"

Nilichotaka ni nafasi ya kuandika. Nina hadithi ya mbuzi anayekataa kuvuka mto, lakini kila nikiishika, bibi anaimba, wadogo zangu wanagombania kijiko, mama ananituma chumvi. Jana walipokuwa nje wakicheka, niliusogelea ukuta nikanong'ona, "Naomba utulivu kidogo."

Leo nimeamka nyumba iko kimya. Vitanda vimetandikwa. Hata jogoo wa jirani hayupo. Mlangoni alisimama mtu wa mtaa, akanipa kalamu mpya.

"Wamepelekwa pazuri, dada. Bibi yako ameimba njia nzima. Ukiwataka, utaomba tu."

Nilikimbilia ukutani, mdomo wazi. Hapo hapo, kichwani mwangu, mbuzi akatia mguu mtoni.

Nikafunga mdomo, nikakaa. Nimalize hapa tu, halafu niwaombe.

Jua limeshapinda, na mbuzi bado hajafika ng'ambo. Anavuka vizuri mno. Ukuta umenyamaza, unanisubiri.