Kinu Mlangoni

Siku hizi polisi hawahangaiki kumfuata mtu. Ukiwa na hati ya kukamatwa, mlango wa nyumba yako ndio unaokukamata: ukishaingia, haukufungulii tena.

Shomvi alijua ana hati. Jogoo wake aliwika alfajiri, na mjini ni marufuku. Ila hakuwa na kitambulisho, kwa hiyo mlango haukumjua, akawa anaingia na kutoka kama paka. Sasa presha ikapanda, na dawa haitolewi bila kitambulisho. Akaomba kitambulisho, akapewa siku hiyohiyo, na dawa juu.

Jioni mvua ikamkuta barazani kwake.

"Ingia ndani, baba," mkewe Zamda akamwambia.

"Nikiingia sitoki."

"Miaka yote nakuomba utulie nyumbani. Leo nimepata wa kunisaidia, unakataa?"

Wakacheka mpaka Shomvi akakohoa. Kikohozi kile Zamda hakukipenda. Akaburuta kinu, akakiweka katikati ya mlango, akamvuta mumewe ndani.

"Mama, tafadhali ondoa kinu," mlango ukasema kwa adabu.

"Nikimaliza kutwanga."

Kinu kilikuwa kitupu. Zamda akachukua mchi, akaanza kutwanga.