Nazi za Mwezi Mzima

Hebu mwone Ngiri, mpika vitumbua, amelala uani kwa sababu nyumba yake imejaa nazi zilizokunwa. Nyati amempa kazi ya kumpikia vitumbua kila asubuhi kwa mwezi mzima. Akikosea siku moja, kazi ni ya jirani yake, Pelele. Basi Ngiri amenunua nazi zote za mwezi na kuzikuna siku hiyohiyo.

“We Pelele, kila siku na kikapu sokoni! Hivi huchoki?”

“Nafuata za kesho, bwana. Za wiki ijayo bado ziko mnazini.”

“Uvivu huo!”

Siku ya pili Nyati alikitema kitumbua cha kwanza.

“Kichachu! Mwiteni Pelele.”

Sasa Ngiri ndiye mbeba kikapu cha Pelele, kila siku sokoni.

Mwanangu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mnazi nao ni ghala.