Mwite Kocha Kwanza

Mpira wa besiboli ulimgonga kocha kifuani, ndipo glavu yake ikafumbata hewa tupu.

Filister aliduwaa. Alikuwa ameurusha polepole tu, na mzee huyu alicheza ligi ya kulipwa kwao Japani, akilinda katikati ya uwanja. Enzi hizo mpira haukuwa ukimpita.

"Yawa! Pole, kocha!" alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Hukuniita."

Kweli. Ukitaka kumrushia kocha, sharti umwite kwanza. Timu nzima ya Suna iliamini hiyo ni adabu ya Kijapani, kama kule kuuinamia uwanja kabla ya kuuingia. Leo Filister alikuwa na mafua, koo limemkauka, akarusha kimya.

Kocha alipiga magoti, akaanza kupapasa nyasi. Mpira ulikuwa karibu na goti lake, mweupe pe. Vidole vilipita kando yake, vikarudi, vikapita tena.

Filister akaziba mdomo.

Kocha akaacha kupapasa. "Filister," alinong'ona, "nani mwingine ameona?"

Filister akageuka. Timu nzima ilikuwa imesimama nyuma yake, vinywa wazi.

"Hakuna, kocha."