Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Bi Somoe, aliyechoma vitumbua kwa kuni miaka thelathini, alikwenda kwa tabibu na kikombe chake cha bati, kilichofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili mtu mwingine asikinywee. Tangu aambiwe ana kifua kikuu, mwaka wa nne sasa, hata nyumbani kwake kililala peke yake dirishani.

Tabibu mpya alimpa mrija wa mashine ya kupima pumzi. Bi Somoe akapuliza fuu, fuu, kidogo kidogo, macho kayafumba nusu.

"Mama, hapa hatuwashi kuni!" tabibu akacheka. "Vuta pumzi ujae, kisha itoe yote kwa mkupuo mmoja."

Mara ya tatu akaweza, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Tabibu akautazama mchoro, akayasoma majibu ya makohozi, akaurudia mchoro.

"Si kifua kikuu. Moshi wa jikoni umekubana njia za hewa. Ugonjwa huu hauishi, lakini dawa ya kuvuta itakupa nafuu."

"Naambukiza?"

"Hujamwambukiza mtu, wala hutamwambukiza."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudia.

Dada yake Mwanakombo, aliyemsindikiza, aliinuka. Alikichukua kile kikombe, akakijaza maji mtungini, akanywa mafunda mawili, akampa yaliyobaki. Bi Somoe akanywa palepale mdomo wa dada yake ulipogusa, kisha akaanza kulifungua fundo la uzi kwa meno.